Kesi Ikiendelea, Pesa Ziko kwa Nani?

Tarehe 28 Novemba 2023, majaji watatu wa Mahakama Kuu, David Majanja (sasa ni marehemu), Christine Meoli na Lawrence Mugambi, walitoa uamuzi kuhusu ushuru wa nyumba. Walisema unakiuka katiba. Uliwekwa bila sheria kamili ya kuushikilia, tena uliwabagua wenye mishahara kwa kuwakata wao peke yao huku wenye mapato ya aina nyingine wakiachwa. Kwenye magrupu ya WhatsApp ninayoyajua watu walishangilia kama Gor wamefunga bao. Halafu taarifa ya pili ikaingia. Mawakili wa serikali walikuwa wameomba muda, na majaji wakawapa: agizo lisianze kufanya kazi hadi tarehe 10 Januari 2024. Kwa lugha ya sokoni, ushuru huu ni haramu, na mwisho wa mwezi utakatwa.

Dada yangu mkubwa ameajiriwa dukani hapa mjini. Mshahara wake kabla ya makato ulikuwa shilingi 30,000, kwa hiyo asilimia 1.5 ni shilingi 450 kila mwezi. Kuanzia Julai hadi Desemba 2023 zilifika 2,700, ambazo ni karibu kodi ya mwezi ya chumba kimoja Nyalenda. Aliniuliza, "Sasa hizo zangu zinarudi lini?" Nikamwambia hazirudi. "Na si wamesema ni makosa?" Wamesema. Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa mkate wenye ukungu halafu muuzaji akakubali kwamba kweli una ukungu, akaendelea kuhesabu pesa zake.

Mimi si wakili. Chuo niliacha mwaka wa pili, na hata sikuwa nasomea sheria. Lakini hukumu za korti zetu ziko kwenye mtandao wa Kenya Law, bure, na mtu mwenye bando na subira anaweza kuzisoma mpaka mwisho. Nimesoma kadhaa. Ukizitoa lugha ngumu, kesi kubwa za ushuru huzunguka maswali mawili: hiki mnachotoza ni nini hasa, na je, mlituuliza? Ni maswali mazuri na wanafalsafa wameyala miaka mingi. Swali la dada yangu ni la tatu, na huwa linapitiwa haraka kama mtu anayepita kando ya deni lake: wakati sisi tunabishana, pesa zinakaa kwa nani?

Tuseme wanawake wawili pale Dunga wanagombania karai moja la omena. Kila mmoja anasema ni yeye aliyemlipa mvuvi. Kamati ya ufuo inaitwa. Mwenye busara katika kamati hataanza na kutafuta ukweli, maana ukweli una mashahidi na mashahidi wako majini. Ataanza kwa kuliondoa karai katikati yao na kuliweka mahali. Likibaki mikononi mwa mmoja, kabla ya jioni litakuwa limefika Kibuye na kuuzwa kwa gorogoro, na uamuzi utakaotolewa baadaye, hata uwe wa haki namna gani, utakuwa uamuzi juu ya karai tupu.

Ufuo huu wetu umeishi na jambo hilo zaidi ya miaka mia moja. Waingereza walianza kutoza kodi ya vibanda mwaka 1901, mwaka ule ule reli ilipofika hapa ziwani na mji ukaitwa Port Florence. Walihesabu nyumba. Mwanamume mwenye wake watatu, na kwa hiyo nyumba tatu, alilipa mara tatu. Mwaka 1910 wakaongeza kodi ya kichwa ili wanaume wasio na nyumba nao wasiponyoke. (Siku hizi Mkenya akisema kodi anamaanisha pesa za landilodi. Za serikali tunaita ushuru, neno lililotoka Kiarabu na ambalo asili yake ni sehemu moja ya kumi. Tungelishikilia neno kwa maana yake ya zamani tungekuwa na unafuu.)

Kufikia 1921 kodi ilikuwa imepanda hadi shilingi 16, na hapo hapo walowezi walikuwa wanapunguza mishahara ya wafanyakazi Waafrika. Tarehe 23 Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, huko Gem, wakiongozwa na vijana waliosomea shule za misheni, kina Jonathan Okwiri. Wakaunda Young Kavirondo Association. Watu wa kawaida waliita harakati hiyo Piny Owacho, yaani nchi imesema. Nalipenda jina hilo kuliko "ushirikishwaji wa umma" ambalo tunalo leo, kwa sababu halisemi nchi imeshirikishwa. Linasema imesema. Mwaka 1922 Gavana Edward Northey mwenyewe alikuja kukutana nao Nyahera, hapo tu juu ya Kisumu, na kodi ikashuka hadi shilingi 12.

Ushindi, basi. Lakini angalia kilichokuwa kikitokea Nairobi miaka hiyo hiyo miwili. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta ushuru wa mapato kwa mara ya kwanza Kenya, na huo uliwagusa Wazungu wenye mashamba na wafanyabiashara. Walowezi waliukataa. Walipiga kelele kwenye baraza la kutunga sheria, walilalamika hadi London, na mwaka 1922 ukafutwa kabisa. Haukurudi mpaka 1937. Yaani karibu kizazi kizima mtu wa Gem alilipa kwa kuwa na paa, na mwenye maelfu ya ekari Rift Valley hakulipa chochote kwa kile alichopata.

Kwa kawaida tunaeleza tofauti hiyo kwa rangi, na ni kweli. Ila kuna kitu kingine ndani yake. Mlowezi alipogombana na ushuru, pesa zilikuwa benki, kwa jina lake. Alikuwa na muda, na kila mwezi uliopita bila jibu ulikuwa mwezi wake. Mtu wa Lundha hakuwa na muda wa namna hiyo. Asipolipa alikamatwa, kwa hiyo alilipa kwanza, akalalamika baadaye. Wote wawili walikuwa na hoja dhidi ya serikali moja. Mmoja alijadiliana akiwa ameshika karai.

Sasa njoo karibu. Sheria ya Fedha ya 2020 ilileta kitu kilichoitwa ushuru wa kima cha chini, uanze Januari 2021. Biashara ilipe angalau asilimia 1 ya mauzo yake yote, ipate faida isipate. Wenye baa wa Kitengela, kupitia chama chao, walienda Mahakama Kuu ya Machakos. Nawaheshimu sana watu hao. Tunawacheka wenye baa, lakini kesi mojawapo ya maana zaidi kuhusu neno "mapato" katika historia ya nchi hii waliileta wao. Aprili 2021, kabla awamu ya kwanza ya malipo haijalipwa, Jaji George Odunga aliusimamisha. Tarehe 20 Septemba 2021 akatoa hukumu: ushuru wa mapato, kwa sheria yetu wenyewe, unatozwa kwenye faida, na mauzo si faida. Ukimtoza mtu aliyepata hasara, humtozi mapato, unamla mtaji. Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye Desemba 2022.

Mtu wa ziwani haelezwi tofauti hiyo mara mbili. Mama ananunua omena ya shilingi 10,000 alfajiri, anaianika juu ya neti, saa nane mvua inashuka. Omena iliyolowa haiendi mezani, inaenda kwa watengenezaji wa chakula cha kuku, na wanampa 6,000. Ukimuuliza umeuza ngapi, atasema elfu sita. Ukimuuliza umepata ngapi, anaweza kukurushia ndala. Wamarekani waligombania jambo la ukoo huo huo mwaka 1920, katika kesi ya Bi Myrtle Macomber, ambaye kampuni ya mafuta ilimwongezea hisa badala ya kumpa pesa. Serikali ikasema hayo ni mapato. Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema hakuna kilichotoka kwenye mtaji wake kikaingia mkononi mwake, kwa hiyo hakuna mapato. Watu wanaweza kubishana kama ilikuwa sawa kumwacha mwenye hisa za mafuta hivyo. Swali lenyewe lilikuwa zuri.

Niongeze jambo linaloniudhi. Ushuru ule wa kima cha chini haukuwagusa wafanyabiashara wadogo wanaolipa ushuru wa mauzo, kwa kuwa hao wana sheria yao. Na ushuru wa mauzo, kama jina lake, unatozwa kwenye mauzo. Tangu 2023 ni asilimia 3 kwa anayeuza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Mama akiuza samaki wa 3,000 kwa siku, mwaka ukiisha ameshapita milioni, na anadaiwa kama 30,000 hata kama mvua ilimmaliza. Anaweza kuandika kuomba ahamie kwenye ushuru wa kawaida wa faida, lakini hapo atatakiwa vitabu vya hesabu, stakabadhi, na pengine mhasibu ambaye atakula faida yenyewe. Hekima ya Machakos, kwamba mauzo si mapato, iliishia kwa wakubwa kidogo.

Lakini turudi kwa karai. Katika kesi ya Kitengela, pesa zilikaa kwa nani? Kwa wenye baa. Jaji alisimamisha malipo kabla hayajaanza, kesi ikaendelea miezi, rufaa ikachukua mwaka na zaidi, na serikali iliposhindwa hakukuwa na chochote cha kurudisha. Ugomvi ulikuwa safi. Kila mtu alibaki na chake mpaka ukweli ulipojulikana.

Mwaka 2023 ulianza hivyo hivyo. Okiya Omtatah, seneta wa Busia, jirani yetu wa ufuo huu huu, alienda kortini pamoja na wengine kupinga Sheria ya Fedha ya 2023: ushuru wa nyumba, ushuru wa thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na mengine. Tarehe 30 Juni Jaji Mugure Thande aliisimamisha. Tarehe 28 Julai Mahakama ya Rufaa ikaondoa zuio hilo. Kuanzia siku hiyo karai lilikuwa mikononi mwa upande mmoja wa kesi.

Na tofauti ya zama zetu na za Lundha ni kwamba hakuna anayekuja kubisha mlango. Askari wa kodi wa zamani ilibidi aje mpaka bomani, ahesabu mapaa, na watu walijua kujibana kwenye nyumba moja akikaribia. Leo mwajiri anakata kabla mshahara haujagusa simu yako. Mimi hulipwa kwa makala, na mara nyingi nikiona pesa asilimia 5 imekwisha kutolewa. Sina nafasi ya kukataa, na kusema kweli sina nafasi hata ya kukubali. Watu husema kulipa ushuru ni wajibu wa raia. Sawa, lakini wajibu ni kitu mtu anafanya. Kukatwa ni kitu anafanyiwa. Silaumu mfumo wenyewe, maana bila huo serikali ingekusanya kidogo sana na waaminifu wangebeba wajanja. Ninachosema ni kwamba serikali ikijipa uwezo wa kuchukua kabla ya kusikiliza, imejipa pia mzigo wa kutunza inachochukua kama mali ya kesi hadi kesi iishe.

Cha ajabu ni kwamba majaji wenyewe waliliona hilo. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa kuongeza muda wa kukata ushuru wa nyumba. Sababu yao, kwa maneno yangu, ilikuwa kwamba maslahi ya umma yalitaka kungoja rufaa iamuliwe, kwa kuwa wakiruhusu makato yaendelee halafu serikali ishindwe, baadhi ya mambo yatakayokuwa yamefanyika hayataweza kurudishwa nyuma. Ni sentensi ya busara ya kamati ya ufuo. Ningetamani ingetamkwa Julai, miezi sita mapema.

Bunge halikungoja rufaa. Tarehe 19 Machi 2024 Rais alitia saini Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, na ushuru ukarudi kwa asilimia ile ile, safari hii ukiwagusa hata wasio na mishahara. Mahakama ilisema mnawabagua wenye payslip, Bunge likasikia na kutibu ubaguzi kwa kumkata kila mtu. Kama hoja ya kisheria, imekaa sawa. Kama jibu kwa dada yangu, hmm.

Kati ya Machi na Julai mambo yakachemka. Mswada wa Fedha wa 2024 uliwatoa vijana barabarani nchi nzima, na hapa Kisumu pia. Watu waliuawa. Tarehe 26 Juni Rais akakataa kuutia saini. Kisha tarehe 31 Julai Mahakama ya Rufaa, Kathurima M'Inoti, Agnes Murgor na John Mativo, ikaifuta Sheria ya Fedha ya 2023 yote, kwa sababu kubwa ya Piny Owacho: umma haukusikilizwa inavyotakiwa, vifungu vipya viliingizwa baada ya watu kutoa maoni, na wananchi hawakuelezwa kwa nini maoni yao yalikataliwa.

Humo ndani, baada ya kurasa nyingi za ujasiri, kuna sehemu fupi kuhusu kurudisha pesa. Majaji walikataa. Walitoa sababu mbili. Kwanza, hakuna aliyeomba pesa zirudishwe katika maombi yaliyoletwa kortini. Pili, sheria huchukuliwa kuwa halali mpaka mahakama itamke vinginevyo, kwa hiyo kilichokusanywa kabla ya kutamkwa kilikusanywa chini ya sheria iliyokuwa hai.

Sababu ya kwanza naielewa. Korti haiwezi kumpa mtu asichoomba, na mawakili wajao natumaini wameandika kando ya daftari. Sababu ya pili ndiyo inanikosesha usingizi. Ni busara kuichukulia sheria kuwa halali kesi ikiwa bado, la sivyo kila mtu angechagua yake ya kufuata. Lakini dhana hiyo ni ya kutuvusha mto. Mahakama ikishasema sheria ilikuwa batili tangu ilipopitishwa, kuendelea kuitumia dhana ile ile kuhalalisha pesa zilizochukuliwa ni kubaki ndani ya mtumbwi baada ya kufika ng'ambo. Tena fikiria inamfundisha nini yeyote atakayekaa Hazina ya Taifa kesho, awe wa chama chochote. Anajua kesi ya ushuru huchukua mwaka au zaidi. Anajua akipata zuio kuondolewa atakusanya mwaka mzima. Anajua akishindwa, mwaka huo ni wake. Mtu mwenye akili timamu katika kiti hicho angewashauri wenzake wapitishe kwanza.

Upande wa pili nao una hoja, na nimezisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Ya kwanza: pesa zimetumika. Hospitali ya Jaramogi, ile sisi tunaita Russia, haiendeshwi na maombi, na ukiitoa serikali mabilioni kwa siku moja utakayemuumiza ni mgonjwa. Ya pili ni ya werevu zaidi. Majaji wakijua kwamba kila ushuru wanaoufuta utazaa deni kubwa la kurudisha, wataogopa kufuta. Afadhali mahakama yenye ujasiri wa kusema batili bila kurudisha, kuliko mahakama itakayotafuta kila njia ya kusema halali. Nimeizungusha hoja hiyo kichwani siku kadhaa. Nakubali ina ukweli. Ila ujasiri ambao hauigharimu serikali chochote, serikali itajifunza kuuvumilia. Na Odunga hakuogopa. Alichofanya yeye ni kuhakikisha mapema kwamba hakutakuwa na cha kurudisha.

Kwingine wameamua tofauti. Uingereza, ambako tulirithi sehemu kubwa ya sheria zetu, chama cha akiba na mikopo ya nyumba kiitwacho Woolwich kilitozwa ushuru wa mapato kwa kanuni ambazo baadaye zilionekana hazikuwa na nguvu ya kisheria. Kilikuwa kimelipa mamilioni ya pauni huku kikilalamika. Mwaka 1992 majaji wa House of Lords walisema pesa iliyolipwa kwa serikali iliyodai bila mamlaka inarudishwa kama haki ya mlipaji, haingoji hisani ya mkusanyaji. Miaka miwili kabla, 1990, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa na kesi ya McKesson, msambazaji wa pombe wa Florida (pombe tena, wenye baa wanatufanyia kazi kubwa duniani). Korti ya Florida ilikuwa imeufuta ushuru mmoja wa pombe lakini ikasema ufutwe kuanzia sasa, ya nyuma yabaki. Majaji wa Washington kwa kauli moja wakakataa. Walisema serikali ikimlazimisha mtu alipe kwanza na kubishana baadaye, basi akishinda ni lazima ipatikane njia ya kuyaponya yaliyopita. Hawakudai sanduku la pesa lifunguliwe siku hiyo hiyo, waliiachia Florida kuchagua namna. Huko kote waliofaidi walikuwa wakubwa, naona. Mtu wa 2,700 hafungui kesi ya 2,700.

Wala sitaki kuwapaka Wamarekani mafuta. Mwaka 1895, katika kesi ya Charles Pollock, mahakama yao ya juu ilifuta ushuru wa mapato wa asilimia 2 uliowahusu wenye zaidi ya dola 4,000 kwa mwaka, ambao enzi hizo walikuwa matajiri kwelikweli. Kura 5 kwa 4. Mahakama ilisimama na wenye nacho, kama Nairobi ilivyosimama na walowezi 1922. Kinachonivutia katika kisa hicho ni muda. Ili ushuru ule urudi, ilibidi katiba yao ibadilishwe, jimbo kwa jimbo, na kazi hiyo ikaisha 1913. Miaka 18 ya kuuliza watu. Sisi kutoka 26 Januari hadi 19 Machi ni siku 53.

Mwisho wa kesi yetu mnaujua. Tarehe 20 Agosti 2024 Mahakama ya Juu ilisimamisha uamuzi wa Rufaa, na tarehe 29 Oktoba ikaupindua: Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa halali, Bunge halilazimiki kurudi kwa umma kila linapobadilisha kifungu, na hakuna kipengele kinacholibana limpe kila mtu sababu za kukataa maoni yake. Kuhusu ushuru wa nyumba wa 2023, suala lilihesabiwa kuwa limepitwa na wakati, kwa kuwa sheria mpya imeshachukua nafasi yake. Soma hapo tena. Korti moja ilisema pesa zilichukuliwa kinyume cha katiba. Za juu yake hazikusema ilikosea katika hilo. Zilisema sheria yenyewe haipo tena, basi hakuna cha kuamua. Sheria haipo. Pesa zipo.

Tena njia ya kuzirudisha haihitaji kubuniwa. Sheria ya Taratibu za Ushuru tayari inamruhusu aliyelipa zaidi ya anachodaiwa aombe kurudishiwa, au kiasi hicho kipunguzwe kwenye ushuru wake mwingine. Mahakama ingeweza kuagiza hivyo: makato ya miezi fulani yahesabiwe kama malipo ya mbele, yakatwe polepole kwenye PAYE ya miaka miwili mitatu ijayo. Russia haitafungwa kwa hilo. Au ingeagiza mapema, siku zuio linapoondolewa, kwamba kinachokusanywa kiwekwe akaunti ya pembeni hadi rufaa iishe. Tunafanya hivyo kwa mashamba yenye mzozo, kwa mali ya marehemu, hata kwa ng'ombe.

Kwa ushuru wa mafuta sina jibu la namna hiyo. Wa bodaboda pale Kondele alilipa asilimia 16 kwenye pampu, akaongeza nauli, abiria akaongeza bei ya nyanya, na mnunuzi wa nyanya ndiye aliyelipa mwishowe, naye hana stakabadhi. Ukisema serikali irudishe, itamrudishia kampuni ya mafuta, ambayo haikuumia. Pesa hiyo imepita mikono mingi mno. Ya ushuru wa nyumba haikupita popote. Ilitoka kwa mtu mmoja mwenye PIN, mwezi unaojulikana, kiasi kinachojulikana hadi senti, na jina lake liko kwenye orodha ambayo mwajiri aliiwasilisha kwa mkono wake.